Yule mbwa mkubwa hakupewa sumu: jibu kwa msomaji wa Tanga

Swali: Shikamoo, daktari. Ninaishi Tanga, katika mtaa wenye mbwa wanne wakubwa wanaopendwa na kila mtu: German Shepherd mzee wa jirani yetu, Boerboel jike na mtoto wake dume wa miezi minne, na Great Dane aliyeletwa na familia iliyohamia kutoka Nairobi. Watoto huwaita kwa majina wakitoka shule, na karibu kila nyumba huwapelekea chakula. Usiku wa sikukuu ya Idi, baada ya nyumba kadhaa kumpelekea pilau na nyama, yule Great Dane alianza kuhangaika, tumbo likavimba kama ngoma, akawa anajaribu kutapika bila kutoa kitu, na kabla ya alfajiri akafa. Sasa watu wanamtuhumu kijana mmoja aliyewahi kulalamikia kelele zake kwamba alimtegea sumu. Je, ni sumu kweli? Na tufanye nini ili hawa waliobaki wasituponyoke?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na poleni sana, wewe na mtaa wote. Nimeisoma barua yako mara tatu kabla ya kuanza kuandika, kwa sababu ndani yake mna mambo mawili yasiyopaswa kungoja: mbwa watatu walio hai, na kijana anayebebeshwa kifo ambacho, kwa maelezo uliyonipa, sioni kuwa ni chake. Lau ningekuwapo asubuhi ile, ningeupasua mzoga mkajionea wenyewe. Kwa kuwa hilo halikufanyika, ninategemea dalili ulizozitaja, nazo zote zinaelekea upande mmoja.

Tumbo lililovimba kama ngoma, mnyama asiyejua alale au asimame, na kujikamua kutapika kusikotoa chochote isipokuwa ute: mambo hayo matatu yakikutana kwa mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu, tena usiku wa siku aliyokula kupita kiasi, daktari wa wanyama hufikiria kwanza ugonjwa wa mfuko wa chakula kujaa gesi na kujipindua. Mfuko huo umeshikiliwa ndani ya tumbo na kano laini tu. Kwa mbwa wa kimo cha kawaida nafasi ni ndogo na mfuko hauna pa kuyumbia, lakini Great Dane amejengwa vingine: kifua chake kimeshuka sana kwenda chini na ni chembamba, kwa hiyo mfuko uliojaa chakula, maji na hewa huweza kubembea humo, na ukipanda juu huweza kuzunguka. Kuzunguka huko hufunga kwa pamoja njia ya juu inayotoka kooni na njia ya chini inayokwenda kwenye utumbo, kama mdomo wa gunia unavyofungwa kwa kusokotwa. Gesi huendelea kutengenezwa ndani lakini haina pa kutokea, na ndiyo maana mbwa hujikamua bure. Mfuko unaozidi kuvimba hugandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo kutoka nusu ya nyuma ya mwili; wengu nao husokotwa pamoja na mfuko; kuta za mfuko huanza kufa kwa kukosa damu; na moyo wenyewe huanza kudunda ovyo. Kutoka dalili ya kwanza mpaka kifo huweza kupita saa chache tu, na hizo ndizo saa ambazo nyinyi mlikuwa mmesimama uani mkijiuliza nani amemchukia mbwa wenu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, huko Marekani, walifuatilia ugonjwa huu katika mbwa wa miili mikubwa miaka ya 1990, na miongoni mwa mambo waliyoyaona ni kwamba Great Dane ndiye aliye hatarini kuliko wengine wote, kiasi kwamba walikadiria karibu mbwa wanne katika kila kumi wa aina hiyo huweza kupatwa nao katika maisha yao. Waliona pia kwamba hatari huongezeka kwa mbwa mwenye umri mkubwa, kwa anayekula kwa pupa, kwa aliye na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyewahi kupatwa, na kwa mbwa mwoga. Chakula kingi kwa mkupuo mmoja nacho huongeza hatari, na ndicho alichokipata mbwa wenu usiku ule.

Sasa tulinganishe na sumu. Sumu ambazo watu wetu huzipata kwa urahisi ni zile za kuulia wadudu na zile za kuulia panya. Mbwa aliyelishwa sumu ya wadudu hutokwa na mate mengi na machozi, hutapika kwelikweli, huharisha, mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka, na mwishoni hupata degedege. Sumu ya panya ya kawaida huzuia damu isigande, kwa hiyo mnyama huendelea kuonekana mzima kwa siku kadhaa kabla ya kuanza kuvuja damu puani, kwenye fizi au ndani ya kifua. Katika barua yako hamna degedege, hamna kuharisha, hamna damu, na hamna matapishi. Kuna tumbo lililovimba na mbwa aliyeshindwa kutapika.

Ninaelewa kwa nini mtaa ulikimbilia wazo la sumu. Watu wetu wamekua na mbwa wa kienyeji, mnyama mwepesi wa kilo 15 hivi, ambaye hula makombo ya harusi na ya msiba, hushinda njaa siku mbili, kisha hula tena mpaka tumbo likakaza, na asubuhi mnamkuta mlangoni akitikisa mkia. Anayemfahamu mbwa huyo peke yake akimwona mbwa mwenye nguvu amekula vizuri jioni na kufa alfajiri, ataamini kuna mkono wa mtu. Mapenzi ya mtaa wenu kwa wanyama hawa ni ya kweli, na mimi niliyeitumikia kazi hii kwa zaidi ya miaka thelathini nayaheshimu. Lakini mazoea ya kuwalisha na kuwatunza yalizaliwa kwa mwili mwingine, na karibu kila ninalokueleza hapa chini linatokana na tofauti hiyo ya miili.

Kwa hiyo, kabla ya kubadilisha chakula cha mbwa yeyote, ninamwomba mwenye Great Dane aende kwa yule kijana akiwa na mtu mmoja au wawili waliotamka tuhuma hadharani, wamweleze haya, na kumtaka radhi mbele ya watu walewale waliosikia akitajwa. Jambo hili lifanyike wiki hii. Tuhuma ya namna hiyo ikiachwa ilale mtaani huota mizizi, na siku mbwa mwingine atakapougua, watu watakwenda mlangoni kwa kijana badala ya kwenda kwa daktari, na muda wa kumwokoa mnyama utakuwa umepotea tena.

Muda ndio dawa ya kwanza ya ugonjwa huu. Katika mwaka wangu wa pili kazini nililetewa German Shepherd usiku, amevimba na anatoa ute. Nilimpa dawa ya gesi, nikamwambia mwenyewe amrudishe nyumbani tutazame kutakuchaje. Kulipokucha mbwa alikuwa amekufa. Tangu siku hiyo sijawahi kumruhusu mbwa mkubwa mwenye dalili hizo atoke mikononi mwangu kabla sijajua mfuko wake umekaaje. Anachohitaji ni dripu ya haraka ya kurudisha mzunguko wa damu, kutolewa gesi kwa mpira unaopitishwa kooni au kwa sindano nene inayochomwa ubavuni na daktari, kisha nusukaputi na upasuaji wa kuurudisha mfuko mahali pake na kuushona kwenye ukuta wa tumbo usiweze kuzunguka tena. Mbwa anayefikishwa mapema, kabla kuta za mfuko hazijafa, mara nyingi hupona. Nyumbani hakuna cha kufanya zaidi ya kuwahi. Msimnyweshe mafuta ya kupikia, maziwa wala maji ya chumvi kama watu wanavyoshauriana, kwa sababu njia ya kushuka imefungwa na kimiminika hicho huweza kuingia mapafuni. Wala mtu asijaribu kumchoma mwenyewe.

Ili kuwahi kuwezekane, matayarisho yafanyike wakati mbwa wakiwa wazima. Ulizieni sasa ni daktari gani wa mifugo wa Tanga anayeweza kufanya upasuaji wa tumbo usiku, na kama hayupo, ni wapi palipo karibu zaidi. Namba yake ibandikwe kwenye mageti ya nyumba zote mbili. Jueni pia ni gari la nani litakalotumika, kwa kuwa mbwa wa kilo 60 habebwi kwa bodaboda. Wenye Boerboel na German Shepherd wamwulize daktari huyo kuhusu kuushona mfuko kama kinga, upasuaji ambao kwa kawaida hufanywa siku moja na ule wa kuhasi au kufunga uzazi ili mnyama alazwe kwa dawa mara moja tu. Na kama familia ile italeta Great Dane mwingine, kwake ningeushauri bila kusita.

Kuhusu chakula, sitaki kuwaambia majirani waache kuwapelekea mbwa chakula, kwa sababu ninajua maana ya kitendo hicho katika mji wetu. Ninataka kiwe na mlango mmoja. Iwekwe ndoo yenye mfuniko katika kila geti, na anayetaka kutoa atie humo. Mwenye mbwa peke yake ndiye achague, apime na kulisha. Mpango huu una faida nyingine ambayo wazee wa mtaa wataifurahia. Waislamu wengi wa pwani yetu hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Jirani anayetaka kumtendea wema mnyama asilazimike kumpelekea kwa sahani ya nyumbani kwake na kurudi nayo imerambwa. Ndoo inamwezesha kutoa kwa moyo mkunjufu na kubaki na twahara yake.

Mwenye mbwa akifunua ndoo, atoe kwanza vitu ambavyo havifai kabisa. Pilau yetu ina vitunguu maji na vitunguu saumu kwa wingi, na vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Ikiwa na zabibu kavu, hizo huweza kuua figo. Mafuta mengi ya nyama ya sikukuu huweza kuwasha kongosho na kumlaza mnyama kwa maumivu makali. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kwa ncha kali, na nimeitoa kwenye utumbo wa mbwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kinachobaki, kama vile wali mweupe, ugali, nyama isiyo na mafuta, utumbo na mapupu yaliyochemshwa vizuri, na dagaa walioloweshwa kupunguza chumvi, ndicho kinachoingia kwenye hesabu ya siku.

Hesabu hiyo igawanywe mara mbili kwa siku, na mara tatu ikiwezekana. Kwa mbwa anayekula kwa pupa, chakula kitandazwe kwenye sinia pana, au liwekwe katikati ya bakuli jiwe safi kubwa lisiloweza kumezwa, ili alazimike kula akilizunguka. Watu wengi hununua vinara vya kuinulia bakuli wakiamini vinamsaidia mbwa mrefu, lakini wale watafiti wa Purdue waliona kinyume chake: bakuli lililoinuliwa liliambatana na hatari kubwa zaidi ya tumbo kujipindua. Acheni bakuli sakafuni. Baada ya kula, mbwa apate walau saa moja ya utulivu bila watoto kumwita mpirani.

Hali ya hewa ya Tanga nayo ina sehemu yake. Uzao wa German Shepherd ulianza kuandikishwa Ujerumani mwaka 1899, kwa mbwa wa kuchunga kondoo katika nchi ya baridi, na mpaka leo mnyama huyo amevaa manyoya ya tabaka mbili. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na kuhema hufanya kazi kwa maji kugeuka mvuke kinywani. Hewa ya pwani ikishajaa unyevu, hasa kati ya Desemba na Machi, mvuke huo hautoki vizuri, na mwili mkubwa una joto jingi la kutoa. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 za selsiasi. Likivuka 41, ubongo na viungo vya ndani viko hatarini. Matembezi yawe saa kumi na mbili asubuhi na baada ya magharibi. Manyoya yasinyolewe, kwa sababu humkinga na jua, ila yachanwe. Akionekana anapepesuka huku ulimi umekuwa mwekundu sana, mmwagieni maji ya kawaida mwili mzima, mmpepee, kisha mpelekeni kwa daktari akiwa bado amelowa.

Kupe sitawaeleza kwa kirefu, ila nataka mjue kwamba kupe wa kahawia wa mbwa hubeba vijidudu vya ugonjwa wa damu ambao German Shepherd huupata kwa ukali kuliko mbwa wengi. Homa, unyonge, fizi kupauka na damu ya puani ni dalili za kumpeleka akapimwe siku hiyohiyo, kwa sababu mapema hutibika kwa dawa ya vidonge. Dawa ya kinga dhidi ya kupe itolewe kwa uzito halisi wa mbwa, na banda lisafishwe nyufa zake, maana kupe huyo hupenda kukaa ukutani.

Kuhusu huyo German Shepherd mzee, hukuniambia ana tatizo gani, lakini mbwa wa aina yake akizeeka kwa kawaida huanza kulemewa na nyonga. Mtazameni anavyoinuka asubuhi. Akianza kwa miguu ya mbele na kuivuta ya nyuma, au akiteleza kwenye vigae, mtandikieni mkeka au zulia kuukuu kwenye njia anazopita, na mpunguzeni uzito ikiwa amenenepa. Kuna jambo moja ambalo ninalisisitiza kwa nguvu zangu zote: msimpe dawa za maumivu za binadamu. Diklofenaki, ibuprofeni na panadoli, ambazo zimo katika kila nyumba, huweza kumtoboa mbwa mfuko wa chakula, kumharibu figo au kumuua ini. Dawa za maumivu za mbwa zipo, na daktari atampimia.

Sasa watoto. Inanifurahisha kwamba wanawapenda, na mbwa wanaosalimiwa vizuri na watoto wengi hukua na utulivu. Lakini uso wa mtoto wa miaka minne uko sawasawa na kinywa cha Boerboel, na taya ambalo kwa mbwa mdogo lingeacha mchubuko, kwake huacha jeraha la kushonwa. Watoto wafundishwe kutomsogelea mbwa anayekula, anayelala, au jike mwenye watoto, kutomkumbatia shingoni, na kusimama tuli mikono ikiwa chini mbwa akiwajia mbio. Mwenye mbwa au mtu mzima mwingine awepo kila wanapochezeana. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamwekea mwenye mnyama wajibu wa kumtunza, na wajibu huo hauhamii mtaani kwa sababu mtaa unampenda, kwa hiyo geti lifungwe na matembezi yawe kwa kamba.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya lazima kwa wote watatu, kila mwaka, na huyo mdogo amekwisha kuufikia umri wake, kwa kuwa huanza kutolewa miezi mitatu. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu hauna tiba, na unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote barani Afrika na Asia. Asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto walio chini ya miaka 15. Ili usienee katika eneo, inatakiwa asilimia 70 ya mbwa wote wawe wamechanjwa, na hesabu hiyo inawajumuisha mbwa wa kienyeji wanaopita mtaani kwenu usiku. Mtaa ulioweza kuwapikia mbwa wanne unaweza kuchanga na kumwita afisa mifugo aje siku moja kuwachanja wote, wenye manyoya ya fahari na wasio nayo. Mtoto akiumwa na mbwa yeyote, hata mliyemzoea, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Mbwa naye afungwe mahali salama na kutazamwa kwa siku 10, asiuawe kwa hasira.

Nimemweka mwisho mtoto wa Boerboel kwa sababu ndiye ambaye bado mnaweza kumjenga. Mbwa wa miili mikubwa hukua kwa kasi ya kutisha; Great Dane huzaliwa akiwa na nusu kilo hivi na huikaribia kilo 50 akitimiza mwaka, yaani karibu mara mia ya uzito wake wa kuzaliwa. Boerboel hayuko mbali naye. Mifupa yake ingali na gegedu laini kwenye ncha, na itaendelea kukomaa mpaka apate mwaka mmoja na nusu au miwili. Mapenzi ya mtaa humwelekea zaidi yeye, kwa kuwa kila mtu anataka kuona akiwa jitu upesi, na ninajua kinachofuata: maziwa asubuhi, nyama mchana, na kijiko cha unga wa mifupa kutoka duka la pembejeo za mifugo ili awe na miguu minene.

Unga huo usiongezwe kwa kubahatisha. Mbwa mzima akila madini ya chokaa kupita haja, utumbo wake hukataa ziada. Mtoto wa mbwa wa miezi michache hana uwezo huo, huyafyonza mengi kuliko anavyohitaji, na majaribio yaliyofanywa kwa watoto wa Great Dane yalionyesha kwamba ziada hiyo huvuruga ukuaji wa mifupa na gegedu. Nyama na ugali vitupu navyo vina chokaa kidogo mno, na mtoto anayelelewa kwa hivyo peke yake hupinda miguu na kuvunjika kwa urahisi. Chakula cha kiwandani kilichotengenezwa mahususi kwa watoto wa mbwa wakubwa ndicho salama zaidi, kwa sababu madini yake yamekwisha kupimwa, na hakiongezwi unga wowote. Ikiwa bei yake haiwezekani, na kwa familia nyingi haiwezekani, basi mwenye mbwa akae na daktari wa mifugo wapange chakula cha nyumbani kwa mizani, humo wakitumia dagaa wazima, ambao hubeba chokaa katika mifupa yao.

Abaki mwembamba pia. Mkipitisha viganja ubavuni mwake mzihisi mbavu bila kukandamiza, na mkimtazama kwa juu muone kiuno. Majirani watawasema kwamba mnamtesa kwa njaa; waambieni habari ya mbwa 48 wa aina ya Labrador waliofuatiliwa maisha yao yote huko Marekani, wakiwa wawiliwawili, mmoja akipewa robo pungufu ya chakula cha mwenziwe. Waliolishwa kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na nyonga zao zilikawia kuharibika. Kwa wanyama ambao wengi wao hawavuki miaka kumi, miaka miwili ni kitu kikubwa.

Mpaka atimize mwaka na nusu asikimbizwe kwa umbali mrefu, asirukishwe kutoka nyuma ya pikapu, wala asipandishwe ngazi mara kwa mara. Acheze kwenye mchanga au nyasi na apumzike anapotaka mwenyewe. Kuhasiwa kusifanyike mapema kama ilivyozoeleka kwa mbwa wadogo, kwa sababu tafiti za mbwa wakubwa kadhaa, akiwemo German Shepherd, zimeonyesha magonjwa ya viungo kuongezeka kwa waliohasiwa kabla ya mwaka. Kwa huyu ningengoja mpaka mifupa ikomae, na siku hiyo ndiyo mfuko wake wa chakula ushonwe.

Apimwe uzito kila baada ya wiki mbili. Mkiwa hamna mizani ya kutosha nyumbani, mwenye duka la nafaka hatakataa: mtu asimame kwenye mizani ya magunia akiwa amembeba, kisha asimame peke yake, na tofauti iandikwe daftarini pamoja na tarehe na kiasi alichokula wiki hizo. Akitimiza miezi sita niandikie tena, unitajie namba zote za daftari hilo, na unieleze anavyotembea akiwa ndiyo kwanza ameamka, kabla hajapata joto la kukimbia.